Mkono wa Msanii Katika Filamu za Fantasia: Kuzirejelea Kazi za Ray Harryhausen

Utangulizi

Mtazamaji aliyezoea filamu zinazoundwa kwa kompyuta huenda akaangua kicheko anapotazama filamu ya fantasia ya miaka ya hamsini. Zimwi hutembea kwa kugutukagutuka, na rangi ya picha hufifia ghafla punde tu kabla halijajitokeza. Je, kazi za aina hii zingali na thamani kwa mwanafunzi wa fasihi? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kurejelea filamu mbili ambazo mazimwi yake yalibuniwa na Mmarekani Ray Harryhausen (1920–2013): The 7th Voyage of Sinbad (1958) na Jason and the Argonauts (1963).

Jinsi Sanamu Zilivyopewa Uhai

Harryhausen alivutiwa na sanaa hii akiwa kijana mdogo, alipotazama King Kong (1933), filamu ambayo sokwe wake alihuishwa na Willis O'Brien. Baadaye alifanya kazi chini ya O'Brien huyo huyo katika Mighty Joe Young (1949).

Mbinu yenyewe ilidai subira isiyo kifani. Sanamu ndogo iliundwa kwa mifupa ya chuma yenye viungo, kisha ikavishwa ngozi ya mpira. Msanii aliisogeza kidogo mno, akaipiga picha moja, akaisogeza tena. Kwa kuwa filamu huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, dakika moja tu huweza kuhitaji picha 1,440. Haba na haba, hujaza kibaba.

Ili kumkutanisha zimwi na mwanadamu, picha za waigizaji zilizokwisha kupigwa zilionyeshwa kwenye kiwambo nyuma ya sanamu. Sehemu ya mbele ya mandhari ilizibwa kwanza, kisha ukanda ukarudishwa nyuma na sehemu hiyo ikapigwa peke yake. Matokeo yake ni kwamba sanamu ilionekana kusimama katikati ya mandhari halisi. Mbinu hii ilipewa jina la Dynamation.

Kilele chake ni pigano la Jason na wenzake wawili dhidi ya viunzi saba vya mifupa vinavyochipuka ardhini. Waigizaji walifanya mazoezi na watu halisi, kisha wakapigana na hewa tupu mbele ya kamera. Harryhausen alitumia zaidi ya miezi minne kuvihuisha viunzi hivyo kwa ajili ya tukio la dakika chache tu.

Sindbad wa Hekaya na Sindbad wa Filamu

Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu Sindbad kupitia tafsiri za Alfu Lela Ulela. Katika hekaya hizo, jitu linalowala mabaharia hukutwa katika safari ya tatu wala si ya saba. Filamu imelihamisha na kulipa jicho moja, mithili ya Polifemo katika utenzi wa Homer. Ndege Rukh naye ameongezwa kichwa cha pili. Mabadiliko haya si kosa. Ni kawaida ya fanani kuiunda hadithi upya kulingana na hadhira yake.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuitaja dosari moja. Sindbad, baharia wa Baghdad, aliigizwa na Mmarekani Kerwin Mathews, na sehemu kubwa ya filamu ikapigwa Uhispania. Mashariki inayoonyeshwa humo ni Mashariki ya ndoto za Magharibi.

Hitimisho

Mtambaji wa ngano anaposema "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", pande zote mbili hujua kwamba sungura hasemi. Hadhira hukubali kwa hiari yake kuamini. Filamu hizi nazo huomba ukubalifu huo. Kugutuka kwa zimwi ni alama ya mkono uliolisogeza, kama vile sauti ya mtambaji inavyosikika nyuma ya kila mhusika anayemwiga.

Ni kweli kwamba tangu Jurassic Park (1993) kompyuta imeleta mazimwi yenye mwendo laini zaidi. Lakini ulaini wa mwendo si uhai wa mhusika. Katika Jason and the Argonauts, Talos, jitu la shaba, hufunguliwa kifuniko cha kisigino na umajimaji unaompa uhai ukamwagika. Jitu hilo hushika koo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayekosa pumzi, kisha huanguka. Shaba haina pumzi. Hata hivyo, mtazamaji aliyeanza kwa kicheko hujikuta akilihurumia jitu hilo. Huruma hiyo ilitungwa picha baada ya picha na mkono wa mtu mmoja, na ndiyo inayostahili kuhakikiwa na mwanafunzi wa fasihi kabla hajazitupilia mbali filamu hizi kwa sababu ya ukongwe wake.