Kidonda Kimefunga, Kiwiko Hakinyooki

Njinjo, kama katika vijiji vingi vya Kilwa, chakula hupikwa chini, juu ya mafiga matatu, usawa wa mtoto anayejifunza kutembea. Sufuria la uji likipinduka, kinachotangulia kuungua ni kiganja, kiwiko au kifua. Wakubwa nao huungulia shambani, moto wa kusafishia shamba unapogeuzwa na upepo.

Majeruhi hupelekwa Nangurukuru, kisha hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Hali ikiwa mbaya zaidi ni hospitali ya Sokoine, Lindi, au Muhimbili, Dar es Salaam. Huko wodini ndugu huwa na swali moja: amepona? Anayejibu hutazama kidonda kama kimefunga. Naona tunauliza mapema mno.

Kovu la moto huendelea kukaza miezi mingi baada ya ngozi kufunga, mara nyingi mwaka mzima na zaidi, na hukivuta kiungo kibaki kilivyozoea kukunjwa. Ndiyo maana aliyeungua shingo kwa mbele halazwi na mto: kidevu kitashuka kifuani kisiinuke tena. Kwapa lililoungua linataka mkono utanuliwe mbali na mbavu. Kiganja kinataka banzi usiku, vidole vikiwa vimenyooka.

Yote hayo yanauma. Mama anamkumbatia mwanawe, anamkunja mkono ili asilie, kama mama yeyote angefanya, na katika kumbatio hilo kiwiko kinaanza kufungika. Lazima awepo mtu wa kumwambia kwa upole, tangu siku za mwanzo: mama, tumpe kwanza dawa ya maumivu, halafu tumnyooshe pamoja. Mazoezi hayasubiri kidonda kifunge. Hata aliyepandikizwa ngozi hutulizwa siku chache tu, kisha kiungo kinarudishwa kazini.

Wataalamu hupima kiungo kwa nyuzi za pembe. Ni sawa, lakini mkulima wa ufuta ana vipimo vyake pia: kushika kijiko, kujisitiri chooni, kujifunga khanga, kuinua jembe.

Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa, na nchi nzima ilihesabu vifo hivyo siku baada ya siku. Walionusurika na makovu hakuna aliyetuhesabia vidole vyao vilivyorudi kufanya kazi.

Kurudi kliniki nako ni safari. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika eneo la Somanga. Kovu halikusubiri ijengwe. Likishakaza sana hubaki upasuaji wa kulifungua, kama ule unaofanywa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, na baada yake banzi na mazoezi huanza upya.

Ningependa karatasi ya kuruhusiwa, chini ya majina ya dawa, iwe na mistari miwili zaidi: leo kiwiko kinanyooka kiasi gani, na mhudumu wa afya wa Njinjo akipime tena lini.