Lubumbashi: meza ya krono inaondoka mbele binti afike

Kwenye mbio za kinga za mji wetu, mwisho wa njia unatambulika kwa vitu vitatu: mstari wa chokaa juu ya lami, bendera mbili, na meza. Meza ni ya plastiki, nyeupe, mara nyingi imekopwa kwa mama mwenye kuuza soda hapo karibu. Juu yake kuna kaye, bic mbili na telefone yenye krono. Wenye kukaa pale ndio wakubwa wa siku. Wakikuandika, umekimbia. Wasipokuandika, ulikuwa tu unatembeza kinga yako siku ya Mungu kama mtu mwingine.

Binti tunayetaka kuwaelezea habari zake ana miaka 16. Tangu mwaka jana ameingia mbio sita, na zote sita amezimaliza. Hilo tunalikazia, kwa sababu kuna vijana wengi wenye makelele mengi ku departi ambao nusu ya njia tunawakuta wamekaa ndani ya pick-up, kinga imelala miguuni. Katika zile mbio sita, saa yake iliandikwa mara moja tu. Mara tano zingine alifika akakuta bendera zinakunjwa, wakubwa wanakunywa, na meza imekwisha kurudi kwa mwenyewe. Jina lake hatulitaji: ni mtoto bado, na mama yake ndivyo alivyoomba.

Anakaa Ruashi pamoja na mama, mdogo wake wa kiume mwenye miaka 11, na mjomba. Mama anauza unga. Mjomba anauza makala, na kinga ya nyumba ni yake. Kwetu Lubumbashi kila mtu anajua kinga ni ya kazi gani: asubuhi mapema zinaingia mjini, mifuko ya makala imefungwa nyuma mpaka inapita kichwa cha mtu, mwenyewe anasukuma kwa mguu bila hata kupanda. Mwanamke yeye anakaa nyuma, miguu upande mmoja, kikwembe kimeshikwa vizuri. Kumwona ameshika usukani ni jambo la kugeuza shingo.

Huyu alijifunza juu ya ile ya mjomba, akiwa na miaka 13, kwa kupeleka mahindi ku mashini. Alikuwa mfupi, hakufika kwenye kiti. Akapitisha mguu mmoja ndani ya fremu, chini ya chuma cha katikati, na kukanyaga hivyo hivyo amepinda, namna watoto wote wa mitaa yetu wanavyoanza. Mzigo ulikuwa kilo 20. Anasema siku ya kwanza aliutoa mzigo akaona kinga imekuwa nyepesi, ndipo alipoanza kukimbia.

Lakini kinga ya makala haiingii mbio. Mjomba alimkatalia, na hatuwezi kumlaumu: gurudumu likipinda siku ya Mungu, kazi ya siku ya kwanza hakuna, na jioni bukari hakuna. Binti akaenda kwa fundi mmoja mu komini ya Kenya, karibu na soko. Fundi alikuwa na fremu moja ya mbio, ya chuma, iliyotoka Ulaya imetumika, imetundikwa ukutani miaka mingi. Ilikuwa ya mwanaume mrefu. Fundi akashusha kiti mpaka mwisho, akakata bomba la kiti juu ya lile halikuweza kushuka tena, akafupisha shingo ya usukani. Vitesi kumi na mbili, zenye kufanya kazi tano. Mama yake aliipima juu ya mizani ya unga: kilo 13. Sheria ya UCI, chama cha kinga cha dunia, inakataza kinga ya mbio kuwa chini ya kilo 6.8; hapa kwetu hakuna hatari ya kuivunja hiyo sheria.

Analipa kwa mikono yake. Mara tatu kwa juma, akitoka masomo, anakaa kwa fundi mpaka jua linaingia: anatoa pine, anatafuta tundu ndani ya beseni la maji, anabandika kiraka, ananyoosha gurudumu lililopinda kwa kukaza rayo moja na kulegeza ingine. Fundi alituambia:

– Huyu mutoto anajua kusikia kinga. Shene ikilia kiloko tu, anasimama, anauliza kwa nini inalia.

Shida kubwa ni pine. Zile nene za kinga za kazi utazipata kila kona. Zile nyembamba za mbio lazima mtu atoke Zambia ao Afrika ya Kusini akuletee moja ndani ya valizi. Njo maana yeye barabarani haangalii tu wenzake. Anaangalia kila shimo, kila kipande cha chuma kilichoanguka ku kamyo, na pale ambapo mvulana anapita moja kwa moja, yeye anazunguka. Pale anapoteza mita tatu, hapa mita tano. Mtu wa kusimama kandokando na kupiga makofi hawezi kuona jambo hilo, lakini sisi tulioangalia toka nyuma ya moto tuliliona vizuri sana.

Zile mbio tulizozifuata zilikwenda upande wa Kipushi na kurudi, kilometa 60 hivi. Wavulana walikuwa karibu 40. Wasichana walikuwa wawili. Kwa kuwa ni wawili, waliambiwa waingie pamoja na wavulana: departi moja, urefu mmoja, meza moja. Alifika amevaa kikwembe juu ya kaputula yake ya kubana, akakifungua dakika ya mwisho tu, akakipa mdogo wake. Kulikuwa na maneno toka kwa watu wa kandokando. Hatutayaandika. Alituambia kwamba amekwisha kuyasikia yote, na kwamba mapya hawajui kuyatunga.

Kwa msomaji asiyezoea: mbio za kinga si kukanyaga kwa nguvu tu. Mwenye kuwa mbele anapasua upepo kwa ajili ya wote. Mwenye kukaa nyuma yake, gurudumu karibu na gurudumu, anapumzika kiasi huku anakwenda mwendo ule ule. Kukaa ndani ya kundi ni akiba. Kuanguka nje ya kundi, hata mita mbili, ni kuanza kulipa mwenyewe. Kwa hiyo vita kubwa iko kwa nafasi, na nafasi haitolewi bure. Kila mara binti aliposogea nyuma ya gurudumu la mvulana, kulikuwa na mwingine wa kumsukuma kwa kiwiko. Kupitwa na msichana, mbele ya marafiki, kwao ni habari ya juma zima. Mmoja tu, mwenye mayo ya kijani, alimwachia nafasi na kumfanyia ishara ya mkono: ingia.

Alidumu ndani ya kundi kilometa 18. Kisha kikaja kilima kidogo, wale wa mbele wakabadilisha vitesi, na yeye ile aliyoitaka ilikuwa kati ya zile saba zisizofanya kazi. Mita mbili. Mita kumi. Basi. Yule msichana mwenzake alikuwa amekwisha kutobokewa na pine mbele ya hapo.

Zilibaki kilometa 42 za peke yake. Upepo wa uso, watu wa kanisa waliovaa nyeupe wanatembea kandokando ya lami, na makamyo. Mgodi wa Kipushi ulilala tangu 1993, umeanza kutoa zinki tena 2024, na yule anayepita pale juu ya kinga anajua hiyo habari vizuri kupita mtu mwenye kuisoma ndani ya gazeti. Kamyo ikikupita, upepo wake unakutupa kwanza nje, halafu unakuvuta ndani. Pa kugeukia alimkuta kijana mmoja mwenye kazi ya kuandika namba, anakula mukate. Binti alisimama, akaweka mguu chini, akangoja mpaka kijana alipofuta mikono na kuandika. Alipoteza sekunde nyingi. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba bila ile alama watasema aligeuka njiani.

Saa yetu sisi ilionyesha masaa mawili na dakika tisa. Wa kwanza alikuwa ametumia saa moja na dakika 38. Meza iliondoka dakika 20 kisha ya wa kwanza kufika. Na nyuma ya binti waliingia tena wavulana wanne, wote wamechoka kama yeye, hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Kwa hiyo si wasichana peke yao wanaoumizwa na hii haraka. Lakini wale wavulana wako na mbio zingine, na juma lijalo mmoja wao atafika mapema. Msichana anayechanganywa na wanaume 40, mbele yake meza itaondoka kila mara.

– Shikatale, bananipita, alituambia, ameketi chini, anakunywa munkoyo ndani ya chupa. Bananipita sana. Lakini minafika! Njo baandike kama minafika. Hata kama ni namba ya mwisho, baandike.

Tulimwuliza mmoja wa wakubwa wa ile siku. Hakukasirika. Alisema vijana wa krono wanalipwa kidogo, jua ni kali, wenye kutoa zawadi wanataka kurudi nyumbani, na wasichana wenyewe ni wawili tu. Tunaelewa habari ya jua. Lakini pale Kamalondo, Mazembe wakiwa wanaongoza mabao manne kwa sufuri, refa hajawahi kwenda nyumbani dakika ya 70. Kiti kimoja, kaye moja na mtu mmoja mwenye subira, nusu saa: hiyo si budjeti.

Na kile kinachopotea si sifa tu. Mwaka kesho binti atafikia miaka 17. Katika sheria za kinga, 17 na 18 ndiyo miaka ya junior, mlango wa kwanza wa mbio za dunia. Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa Afrika nzima, na tarehe 27 wasichana wa kimo chake walikimbia juu ya vile vilima vya mji, kilometa 74. Aliwaangalia wote ndani ya telefone ya mama, mega zikaisha mbele ya mwisho. Ili mtu achaguliwe kwenda mahali kama pale, kitu cha kwanza kitakachoulizwa ni karatasi: alikimbia wapi, lini, kwa saa ngapi. Yeye ana karatasi moja.

Tuseme ukweli, hata kwa wakubwa wa dunia hiyo meza ilichelewa. Wanaume wa kulipwa wana ubingwa wa dunia wa barabara tangu 1927. Wanawake walingoja mpaka 1958. Na wasichana wa chini ya miaka 23, ni kule kule Kigali walikopewa mbio zao wenyewe mara ya kwanza. Mbele ya hapo walikuwa wanakimbia ndani ya mbio za wakubwa na kutafutwa ndani ya liste yao. Jirani zetu Banyarwanda wanamkumbuka Jeanne d'Arc Girubuntu, aliyekwenda Richmond, Marekani, mwaka 2015, na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika katika mashindano hayo. Mwaka 2025 Kimberley Le Court wa Kisiwa cha Morisi alivaa mayo ya manjano ya Tour de France ya wanawake. Binti anayo picha yake, ameibandika ndani ya kaye ya hesabu.

Mama naye tulimfuata sokoni. Tulidhani atatueleza habari ya kaputula na ya kanisa, kama wengi. Hapana.

– Mi shiogope kinga, alisema, anapima unga wa mteja bila kutuangalia. Minaogopa makamyo. Na minaogopa egzamen. Kaputula, Mungu njo aliumba miguu.

Amemkatalia kabisa njia ya Likasi. Mazoezi yanafanyika saa kumi na moja na nusu asubuhi, njia ya Kasapa, kwenda kampisi na kurudi, na saa moja awe amevaa uniforme. Siku moja akichelewa masomo, kinga inarudi ukutani kwa fundi. Mpaka leo hajachelewa.

Sasa binti ameanza kazi ingine. Siku ya posho, yaani kila siku ya sita kisha ya saa sita, anaikopa ile kinga nzito ya mjomba na kuipeleka uwanja wa nyuma ya masomo yake. Wasichana wa darasa wanapanga foleni. Wengi wanacheka, wanaanguka, wanarudi nyumbani. Wawili wamebaki. Fundi anawatafutia fremu. Pamoja na yule mwenzake wa njia ya Kipushi, watakuwa wanne, na yeye anajua vizuri kwamba kati ya hao mmoja ana mapafu mazuri kupita yake. Anamfundisha zaidi ya wengine.

Mdogo wake amepewa telefone ya mama na kaye mpya. Ndiye atakayekaa ku mstari mpaka dada wa mwisho aingie. Fundi amekubali kutia sinyatire. Hakuna chama kitakachoikubali hiyo karatasi, wanalijua wote watatu.

Kwa hiyo wameandika barua. Tuliisoma: nusu ya ukurasa, Kifaransa safi, bila malalamiko. Wanaomba wasichana watoke dakika 45 mbele ya wavulana, kwa kilometa 40 pahali pa 60. Pembeni, kwa penseli, binti alifanya hesabu: kwa mwendo wake wa Kipushi, atafika wakati wavulana wako bado mbali, na meza bado mpya, soda bado baridi. Barua imepelekwa juma tatu zilizopita. Tulipofunga ukurasa huu, jibu lilikuwa halijafika, na pine ya nyuma ilikuwa inangoja mtu anayetoka Ndola.