Vinini vya usingizi na moyo wa mutumikaji

Saa nane za usiku, mama mumoja wa kambi alikuja kupiga mulango kwetu. Bwana yake alikuwa amekunywa vinini vyote vya amitriptilini, vile munganga alimupatia juu ya huzuni na kukosa usingizi. Majirani walisema: mumupatie maziwa, mumuache alale. Wengine walitaka kumutapisha. Sisi wa sendika tulikataa yote, tukatafuta motokari.

Wandugu, hii dawa ikizidi inapiga moyo wenyewe. Inaziba njia ambamo sodiumu inapita kuingia mu moyo. Umeme wa moyo unachelewa, tensio inaanguka, mutu anaweza kushikwa na kifafa. Na inaenda mbio: hatari kubwa ni mu saa sita za kwanza. Mwenye anaongea na wewe sasa anaweza kuzimia mbele hamujafika ku barabara.

Tulianzia ku dispansere ya kampuni. Mashini ya kupima moyo iko, lakini karatasi yake ilikwisha. Bikabonati, hakuna. Tukapoteza karibu saa nzima pale.

Ku lopitali waliuliza kwanza: amekunywa nini, saa ngapi? Mama aliona haya, akanyamaza. Sisi tukatoa paketi tupu. Wakamufunga mashini. Kuna alama inaitwa QRS. Ikipita milisegonde 100, waganga wanaogopa. Yake ilikuwa imepanuka. Wakamuingizia bikabonati ya sodiumu mu mushipa (wamama, haiko ya kunywesha mutu nyumbani!), wakapima tena na tena, mpaka alama ikarudia kuwa nyembamba. Ile bikabonati inaongeza sodiumu na inapunguza asidi mu damu, hivi sumu inauachilia moyo. Asubuhi alifungua macho, akaomba maji.

Hatukumuuliza sababu. Ndeni ilikuwa inamusumbua, tulijua, na hakuna mwenye alienda kumuona. Hapo sisi pia tulikosea. Sasa tunamutembelea kila siku ya yenga, na vinini vyake bibi ndiye anavichunga, anamupatia vya siku moja.

Kwa kampuni tumeandika barua: karatasi ya mashini, bikabonati mu dispansere, na motokari ya wagonjwa yenye shofere wa usiku. Bikabonati haiko dawa ya bei kali. Barua iko ku meza ya direksio, na sisi tutarudi kuuliza jibu.