Maji Yanayozunguka Mishipa ya Ubongo

Mtoto wa Goma anajua jambo ambalo watoto wa miji mingi hawalijui. Mvua kubwa ikinyesha mjini kwake, maji hayafanyi mto. Yanaingia katika nyufa za mawe meusi, yanapotea. Mawe hayo yalitoka katika mlima wa Nyiragongo. Mwaka 1977, na tena mwaka 2002, na tena mwaka 2021, moto wa mlima ulishuka, ukapoa, ukawa jiwe. Maji hupita chini ya jiwe hilo kwa njia ambazo hakuna mtu anayeziona, na watu huchukua bidoni zao, huenda kuteka ziwani Kivu.

Ndani ya kichwa cha mtu pia kuna maji yanayopita katika njia nyembamba. Nayo hayaonekani, kwa maana huwezi kuvunja kichwa cha mtu ili uyatazame, kama vile huwezi kuvunja mji mzima wa Goma ili uone maji ya mvua yamekwenda wapi.

Mwenyezi Mungu ameuweka ubongo katika sanduku gumu la mfupa. Humo ubongo haukukaa mkavu. Unaelea katika maji meupe, safi kama maji ya chemchemi. Kwa mtu mzima maji hayo ni machache: yangejaza kikombe kidogo cha chai tu. Lakini kila siku mwili hutengeneza mengine, karibu nusu lita, na yale ya zamani huondoka. Basi maji ya ubongo si kama maji ya mtungi. Yana mwendo.

Sasa fikirini mishipa ya damu. Mishipa hiyo hutoka juu ya ubongo na kuingia ndani, kama mizizi inavyoingia udongoni. Kila mshipa unapoingia, kuna nafasi nyembamba inayouzunguka, kama vile mkono wa shati unavyouzunguka mkono wa mtu. Katika nafasi hiyo mna maji. Daktari wa Ujerumani, jina lake Rudolf Virchow, aliandika habari za nafasi hizo mwaka 1851. Mwaka 1859 mtaalamu wa Ufaransa, Charles Robin, aliziandika tena. Kwa hiyo mpaka leo huitwa nafasi za Virchow na Robin. Lakini mabwana hao wawili walitazama kwa darubini ubongo wa watu waliokwisha kufa. Ubongo wa mtu aliye hai, anayekula na kucheka, hawakuweza kuutazama.

Ilipita zaidi ya miaka mia. Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alionyesha namna ya kufanya picha ya vitu vya ndani kwa nguvu za sumaku. Mwingereza Peter Mansfield naye alifanya kazi hiyo hiyo, na mwaka 2003 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Mtambo uliotoka katika kazi yao huitwa MRI.

Mtambo huo ni kama pipa kubwa lililolazwa, wazi pande mbili. Ndani ya kuta zake mna sumaku yenye nguvu ya kutisha. Ile nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira haifiki hata sehemu moja katika 30,000 ya nguvu ya mtambo. Kabla ya kuingia chumbani, mgonjwa huambiwa aache funguo, saa na vitu vya chuma. Si adabu tu: chuma kinaweza kurushwa hewani kama jiwe la teo. Kisha mgonjwa hulazwa kitandani na kusukumwa ndani ya pipa. Husikia kelele nyingi, kama mafundi wagongao mabati, lakini haumwi. Kazi yake ni moja tu: asitikisike.

Picha inapatikanaje? Katika kila tone la maji mna chembe ndogo mno za haidrojeni, na kila chembe ni kama sumaku ndogo. Sumaku kubwa huzipanga, kama mwalimu anavyopanga watoto mstarini asubuhi. Kisha mtambo hutuma mawimbi ya radio, na chembe huyumba na kuacha mahali pake. Mawimbi yakikoma, chembe hurudi, na wakati wa kurudi hutoa sauti dhaifu ya radio ambayo mtambo huinasa. Wako watoto warudio mstarini upesi, wako wachelewao. Vivyo hivyo, chembe za maji matupu hurudi polepole, na zile za nyama ya ubongo hurudi upesi. Kwa tofauti hiyo tu mtambo hujua hapa pana maji, hapa pana nyama, nao huchora picha.

Katika picha ya namna moja, maji huonekana meupe. Katika picha ya namna nyingine, maji yale yale huonekana meusi. Daktari hutaka zote mbili, na mara nyingi huongeza ya tatu. Kwa nini? Kwa sababu doa jeupe laweza kuwa nafasi yenye maji, au laweza kuwa kovu la ugonjwa. Katika ile picha ya tatu maji hufanywa meusi makusudi, lakini kovu hubaki jeupe. Hapo doa limejulikana.

Umbo pia husaidia. Chukua muwa, ukate kwa mapana: utaona vidoti. Upasue kwa urefu: utaona nyuzi. Nyuzi na vidoti ni kitu kimoja. Na nafasi hizi ni vivyo hivyo. Picha ikikata mshipa kwa mapana, nafasi huonekana kama kidoti cha maji. Ikiufuata kwa urefu, huonekana kama uzi. Kwa kawaida upana wake haufiki milimita 3.

Kila mtu anazo, hata mtoto mwenye afya. Kuziona chache katika picha si ugonjwa. Lakini kwa wazee huzidi kupanuka, na kwa watu ambao damu yao ina mgandamizo mkubwa huzidi zaidi. Mtu kama huyo huweza kutembea sokoni, kuuza samaki na kusali Misa bila kusikia maumivu yoyote, huku mishipa yake myembamba ikiharibika. Nafasi zilizopanuka, pamoja na makovu, humwonyesha daktari uharibifu huo. Ajabu ni kwamba mgandamizo wenyewe hupimwa kwa kitambaa cha kufunga mkononi, chenye bei ndogo, ambacho hata zahanati ya kijijini yaweza kuwa nacho. Bibi akipimwa mapema na kupewa dawa, mishipa yake hulindwa kabla ya picha kuhitajiwa.

Maji hayo yana kazi gani? Mwaka 2012 wataalamu wa Rochester, Marekani, akina Maiken Nedergaard na Jeffrey Iliff, waliandika kwamba katika panya maji huingia ubongoni kando ya mishipa na kuondoa uchafu. Mwaka uliofuata walisema panya akilala, kuoshwa huko huenda upesi zaidi. Mwaka 2024 wataalamu wa London walipima kwa namna nyingine, wakaona kinyume. Neno hilo la usingizi bado linabishaniwa.

Mitambo mikubwa ni ghali, nayo hutaka umeme usiokatika. Kwa hiyo wengine wametafuta njia ndogo. Mbarara ni mji wa Uganda. Njia ya kutoka Goma hupita Rutshuru, Bunagana, Kisoro na Kabale. Mwaka 2022 Johnes Obungoloch, wa chuo kikuu cha Mbarara, na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, waliunda mtambo mdogo huko huko. Vipande vilikuja kwa ndege. Sumaku ndogo nyingi zilipangwa katika pete 23, na baada ya siku kama 11 picha ya kwanza ilipatikana. Nguvu yake ni sehemu moja tu katika 30 ya mtambo wa kawaida wa hospitali. Haitoshi kuonyesha nafasi nyembamba za mishipa. Lakini uliundwa hasa kwa ajili ya watoto wadogo ambao maji ya ubongo yamekosa njia ya kutoka, na kichwa kinavimba. Maji ya namna hiyo ni mengi, na sumaku ndogo huyaona.