Video inaganda: ni mtandao au ni kompyuta?



Jirani yangu mmoja, kijana wa kompyuta, mwezi uliopita alikuwa na mkutano wa kazi kwa Zoom na watu wa Lilongwe. Zamani angepanda basi tu, lakini tangu amri ya mwaka 2023 ya kuturudisha sote Dzaleka, safari si rahisi. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na siku hiyo ndiyo wangesema kama wanamwongezea. Dakika ya kumi, uso wake ukaganda. Sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mama yake akakimbia kuuza mahindi ya chakula ili anunue bando jingine. Bando likaingia, na picha ikaganda vilevile!

Kumbe kosa halikuwa la mtandao. Kompyuta ilikuwa juu ya blanketi, moto kama pasi, betri karibu kuisha, kurasa ishirini ziko wazi.

Basi kabla ya kuuza kitu, pimeni hivi: ingia mkutano uleule kwa simu, kwa laini ileile. Simu ikienda vizuri, mgonjwa ni kompyuta. Funga programu zingine, simamisha apdeti, chomeka umeme (betri ikipungua, mashine nyingi hupunguza mwendo zenyewe), iweke juu ya meza ipate hewa. Na ile picha ya bandia ya nyuma, eti uko ufukweni, iondoe. Inakula nguvu bure.

Simu nayo ikikwama, hapo ni mtandao. Zima video, bakiza sauti. Video nzuri ya watu wawili kwenye Zoom inataka kama kilobiti 600 kwa sekunde; sauti peke yake inatosheka na 60 hadi 80. Saa nzima ya sauti inakula bando kidogo sana kuliko video. Mabati pia huzuia mawimbi, kwa hiyo simu inayogawa intaneti ikae dirishani au mlangoni, na iungwe na kompyuta kwa waya wa USB. Mwambie bosi mapema, "nitazima video," hakuna aibu.

Kijana wetu amepewa nafasi nyingine, Alhamisi saa nne asubuhi. Mama ameshatangaza: saa hiyo hakuna mtoto atakayefungua YouTube mle ndani, na meza ya kulia chakula imeshahamishwa mlangoni.