Mayai ya aksolotli: Kazi ngumu ya kumnusuru salamanda wa Mexico

AKSOLOTLI ni salamanda wa majini ambaye makazi yake ya asili yamebaki katika eneo la Xochimilco pekee, kusini mwa Jiji la Mexico. Tofauti na chura, ambaye kiluwiluwi wake hupoteza matamvua na kuhamia nchi kavu, aksolotli hubaki na matamvua yake maisha yote, akakomaa na kuzaa akiwa na umbo la utotoni.

Mnyama huyo sasa yumo katika hatari kubwa ya kutoweka. Hesabu za watafiti zinaonyesha kuwa mwaka 1998 walikuwapo aksolotli wapatao 6,000 katika kila kilometa moja ya mraba ya mifereji hiyo. Mwaka 2014 walibaki 36 tu.

Sababu kubwa ni uchafuzi wa maji, pamoja na samaki wageni waliopandikizwa huko katika karne iliyopita ili wananchi wapate kitoweo. Miongoni mwao ni sato kutoka Afrika. Samaki huyo, ambaye kwetu ni chakula cha heshima, huko Xochimilco hula mayai na watoto wa aksolotli.

Ndiyo maana kuangua mayai mahali penye usalama kumekuwa tegemeo kubwa. Jike hutaga mamia ya mayai kwa mkupuo mmoja, akiyabandika moja moja kwenye majani ya majini. Baada ya hapo wazazi hawayalindi. Hata huweza kuyala. Hivyo hatua ya kwanza ya mfugaji ni kuyahamishia katika chombo kingine.

Maji ya chombo hicho yawe safi, na kama ni ya bomba, klorini iondolewe kwanza. Katika joto la nyuzi 18 hivi za Selsiasi, mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hadi tatu. Joto likizidi nyuzi 24 huleta madhara. Yai lililokufa hugeuka jeupe na kuota ukungu, nalo hupaswa kuondolewa mapema lisiyaharibu mengine.

Kiluwiluwi huanguliwa akiwa na urefu wa sentimeta moja na ushei, bila miguu. Kwa siku mbili au tatu hutegemea akiba ya kiini cha yai iliyobaki tumboni. Akiba hiyo ikiisha ndipo hatari huanza, kwani hula kile tu akionacho kikitembea. Chakula kikavu huweza kuwa mbele yake naye akafa kwa njaa.

Kwa sababu hiyo wafugaji huwapa artemia, wadudu wadogo wa jamii ya kamba, ambao huanguliwa katika maji ya chumvi na kusuuzwa kabla ya kulishwa. Artemia wasioliwa hufa katika maji baridi na kuyachafua, kwa hiyo maji hubadilishwa kila siku.

Tatizo jingine ni kulana. Miguu ya mbele huota kwanza, kisha ya nyuma, na viluwiluwi waliosongamana au wenye njaa hung'atana miguu na matamvua. Hali hiyo hupungua wakifikia sentimeta tano au zaidi. Kiungo kilichokatika huota upya, na uwezo huo ndio unaowavutia wanasayansi, lakini kiluwiluwi mdogo aliyejeruhiwa huweza kufa. Dawa yake ni kuwatenganisha kwa ukubwa na kuwalisha vya kutosha.

Hata hivyo, wingi wa aksolotli katika matangi ya maabara na majumbani duniani haumaanishi kuwa wamenusurika. Wengi ni kizazi cha wachache waliopelekwa Paris mwaka 1864, na baadaye baadhi yao walichanganywa na salamanda wa aina nyingine. Hao hawafai kurudishwa Xochimilco.

Matumaini yapo. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kuwa aksolotli 18 waliozaliwa kifungoni, waliofungwa vifaa vya redio na kuachiwa katika maeneo yaliyotunzwa, waliendelea kuishi na kuwinda wenyewe kwa muda wote waliofuatiliwa. Lakini mfereji ukiendelea kuwa mchafu na kujaa samaki wageni, kila yai linaloanguliwa tangini litazaa mnyama asiye na pa kurudi.