Saa za Kazi na Tija Mkoani Njombe

Saa za kazi nchini Tanzania zinaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida.

Kazi ni kaulimbiu ya siasa pia: John Magufuli aliinadi "Hapa Kazi Tu" mwaka 2015, na Samia Suluhu Hassan akaja na "Kazi Iendelee". Kila Mei Mosi wafanyakazi hudai nyongeza ya mishahara, nao viongozi huhimiza tija.

Lakini tija haiji kwa kurefusha siku pekee. Mchumaji wa chai Njombe huchuma majani mawili na chipukizi, na ujira wake hufuata kilo. Baridi ya Juni na Julai hudumaza chai; hata akishinda shambani, kapu halijai. Mbolea, zana na barabara nzuri ya kufika kiwandani humwongezea kipato kuliko saa za ziada. Saa nyingi pia huchosha: huko Makambako, njia panda ya Mbeya, Iringa na Songea, dereva wa lori aliyechoka huhatarisha maisha ya wengi.

Ingawa sheria ipo, vibarua wengi wa mbao na parachichi hawana mkataba wa maandishi. Mfanyakazi adai mkataba, atunze kumbukumbu za malipo, na akiachishwa kazi isivyo halali apeleke shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.